Mwaka Ambao Moto Mdogo Haukuwashwa

Kila aliponipigia simu kutoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, hata kabla ya kuuliza hali yangu, Mukendi aliuliza jambo moja: "Numbi, muti yangu iko?" Nami nilijibu, "Iko." Hapo ndipo tulipoweza kusalimiana kama watu wazima, tukaulizana habari za magoti, za sukari ya damu, za watoto wasiopiga simu. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alilizoea swali hilo kiasi kwamba simu ikilia siku ya Pasaka aliipokea mwenyewe na kusema, "Iko, ndugu yangu, iko, ngoja nikupe mwenyewe." Mwaka huu Pasaka ilipita na simu haikulia. Nilijisemea labda ni mtandao, maana mtandao wetu hausingiziwi bure. Kisha ikaja simu ya mwanamke nisiyemjua, akasema yeye ni Berna, binti ya Mukendi, kwamba baba amefariki wiki ya Matawi, wamekwisha kumzika, na kwamba anakuja Lubumbashi na kitu cha baba. Sikuuliza kitu gani. Niliketi jikoni nikaanza kumenya vitunguu ambavyo hatukuvihitaji. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nalia mbele ya vitunguu, na wajukuu wangu wamekwisha kuacha kuuliza kwa nini nyumba hii inakula vitunguu vingi hivyo.

Parke, bustani kubwa ya kando ya mto Naviundu ambako mti huo umesimama, siku hizi ni mahali pa heshima. Jumamosi magari ya maharusi yanapanga foleni hadi barabarani, bibi harusi anavuliwa viatu ili akanyage majani, mpiga picha anapiga kelele, na mto unapita nyuma yao juu ya mawe kana kwamba haujawahi kuona jambo lolote. Langoni wameweka kibao kinachosimulia historia ya mahali hapo: kwamba parke ilitengenezwa na kampuni kwa mapumziko ya wakubwa wake, kwamba baadaye iliachwa ikaungua, kwamba mwishoni watu wema waliiokoa, wakapanda miti upya na kuzungusha uzio. Sina ugomvi na watu wema. Kazi yao naiona, na vivuli vyao nimevikalia. Lakini nikisoma kibao kile hasira hunipanda, kwa sababu kati ya neno "iliachwa" na neno "waliiokoa" kuna nafasi isiyotosha hata kidole, na mimi niliishi humo. Parke haikuachwa. Waliokuwa wakiitunza walifukuzwa, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za ukoo wangu naziweka kando, maana kila mtu anayeandika maisha yake anaanza na babu. Inatosha kujua kwamba nilitoka Mitwaba, hukuhuku Katanga, nikaja kwa shangazi yangu, Tantine Vero, ili nimalize shule, na kwamba mwaka ule shule zilifungwa zaidi ya zilivyofunguliwa. Tantine alipanga chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mtunza parke, ndani ya parke yenyewe. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda chetu, msalaba, na mitungi ya munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi ambacho alikipika kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Chumba kizima kilinuka mizizi iliyolowa, nguo zetu pia, hata nywele, na mpaka leo nikipita mahali wanapouza munkoyo nasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Ukuta wa upande wa kichwani ulikuwa wa tofali jembamba, na nyuma yake kulikuwa na chumba cha Papa Kabeya, mtunza parke, na mkewe Mama Kapinga. Tulisikia redio yao, kikohozi chao, rozari yao. Nao bila shaka walisikia ugomvi wetu juu ya nani amemaliza sukari.

Watu wa Papa Kabeya walitoka Kasai zamani, wakati wa kujenga reli, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa, na Kasai aliifahamu kama mimi ninavyoifahamu Roma. Kampuni ilikuwa imekwisha kumsahau yeye pamoja na parke yake, ila yeye hakuisahau. Alivaa tai hata siku ya kupalilia. Mama Kapinga aliuza vitenge sokoni. Mtoto wao wa pekee aliyebaki nyumbani alikuwa Mukendi, mwanafunzi wa chuo kikuu ambacho nacho kilikuwa kimefungwa, hivyo alishinda na baba yake akizibua mifereji na kumwagilia miche. Tulikula pamoja karibu kila siku, uani, kwenye meza moja iliyochongwa kwa ubao wa sanduku. Mama Kapinga alichanganya unga wa muhogo katika bukari yake, ugali wetu wa huku, kama wafanyavyo watu wa Kasai, na Tantine Vero hakukosa la kusema hata siku moja.

"Hii bukari yenu inavutika sawa mupira," alisema. "Muntu anatafuna hapa, ile ingine iko ingali ku sahani."

"Na yako inavunjika sawa ukuta ya kampuni," Mama Kapinga alimjibu. "Leta mukono, kula, unyamaze."

Tulicheka, tukala sombe, kisamvu chetu, na samaki, na mvua za kwanza zilipoleta vinkubala, wale viwavi tunaowakaanga, Mukendi alinichagulia walionona akawasogeza upande wangu wa sahani bila kunitazama. Mimi niliwala bila kumtazama. Kila mtu pale mezani alitazama mahali pengine, na kila mtu aliona.

Mti wa Mukendi ni mupundu, na umeota kwenye kilima kidogo mahali mto unapokata kona. Una mzizi mmoja ulioinuka kama kiti, nami nilipenda kuukalia, hadi siku tulipokwenda kuokota matunda yaliyoanguka na Mama Kapinga akanipiga kofi la mgongoni.

"Toka pale, Numbi! Unakalia bwana yako."

"Bwana gani, mama?"

"Mukendi. Kitofu yake iko pale chini. Nilimuzalia mu ile nyumba, kitofu ikaanguka, baba yake akachimba, na mi nikaizika na mikono yangu. Uyu mutoto hana kwabo kwengine. Kwabo iko hapa."

Alicheka aliponiona nimeinama ghafla kutafuta matunda ambayo yalikuwa yamekwisha kuokotwa. Tangu siku hiyo niliupita mti ule kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Nilikuwa nampenda Mukendi. Naandika hivyo waziwazi, kwa kuwa wote ambao ningewaonea haya wamekwisha kwenda.

Sasa lazima niseme habari ya moto, kwa ajili ya msomaji ambaye hajaishi kwenye pori letu. Nchi hii huungua kila mwaka, upende usipende. Mvua zikiisha, majani hukauka kidogokidogo. Mwezi wa tano bado yana unyevu chini, na moto ukiwashwa jua likielekea kushuka, dhidi ya upepo, hutambaa ukilamba majani tu, kisha umande ukiingia hujizima wenyewe. Huo ndio moto mdogo. Usipouwasha, majani hufika kimo cha mtu, na mwezi wa kumi, upepo wa joto unapovuma, cheche ya mtu anayewinda panya huleta moto mkubwa, ambao hupanda mitini na kuingia hadi mushitu, ule msitu mzito wa kando ya maji. Parke nzima ilidumu kwa sababu ya jioni moja ya mwezi wa tano. Papa Kabeya alizungukia nyumba za pande zote mbili za mto kuwaalika watu. Wa upande wetu walishika ukingo, wa ng'ambo walishika barabara, kila mmoja na tawi bichi mkononi, na Papa Sylvestre, jirani wa ng'ambo, aliyeongoza kwaya na kuongoza kila kitu kingine, ndiye aliyewasha kiberiti. Kisha watu wote, nyuso zimejaa masizi, walikula kuku wa Mama Kapinga na kunywa munkoyo wa Tantine. Kwenye karamu hiyo watu walimaliza ugomvi wa mipaka ya viwanja, wakapeana habari za misiba, wakaposa. Ilikuwa desturi tu, hakuna aliyeitungia sheria.

Alfajiri moja, nikiwa bado kitandani, niliisikia sauti ya Mama Kapinga kupitia ukuta.

"Na Vero, tutamuongelesha siku gani?"

"Kisha moto mudogo," Papa Kabeya alijibu. "Bantu bakishakula, bakishashiba, njo saa ya kuomba bibi. Hatuombake bibi kwa muntu iko na njala."

"Na Numbi mwenyewe atakubalia?"

"Eh! Hauone vile anakulaka vinkubala?"

Niliuma blanketi nisipige kelele. Kando yangu Tantine Vero, macho yamefumbwa, alisema polepole, "Na mi nimesikia. Jifanye umelala." Sijawahi tena kuwa na furaha kama ile. Nimeolewa vizuri, nimezaa, nimezika, nimecheza ngoma kwenye harusi za watoto wangu. Lakini furaha ya kulala pale nikijifanya nimelala, huku watu wazima wawili upande wa pili wa tofali wakipanga maisha yangu sawasawa na nilivyoyataka, hiyo haikurudi.

Kisha yakaja maneno. Sitayarudia, walioyasema walipata masikio ya kutosha. Kwa ufupi, wakubwa fulani walisema jukwaani na redioni kwamba watu wa Kasai wamekula vya Katanga, na sasa warudi kwao. Mwanzoni tulicheka. Papa Kabeya alisema mezani, "Kwetu ni wapi? Banionyeshe njia, nitapotea." Lakini ubaya wenyewe haukuja na kelele. Ulianzia kwenye bomba la maji, ambako wanawake walizoea kusengenya hadi ndoo zinafurika: siku moja Mama Kapinga alifika na wote wakanyamaza. Ukafika sokoni, meza yake ya vitenge ikakutwa imepinduliwa. Ukafika mlangoni kwao, ambako mtu aliandika kwa makaa neno moja, MWENDE, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Mama Kapinga alilifuta, likaandikwa tena. Akaanza kupikia ndani, mlango umefungwa, moshi ukitokea dirishani, na kwa mara ya kwanza kila nyumba ikala bukari yake peke yake. "Mi sina mambo na muntu," Tantine Vero aliniambia kwa sauti ya chini, jicho likiwa ukutani. "Lakini usionekane sana kule. Banaangalia nani anaingia, nani anatoka." Nilimchukia kwa maneno hayo. Leo, nikiwa mzee kuliko alivyokuwa yeye, najua kwamba aliogopa, na kwamba woga wake ulikuwa na sababu. Yeye nimemsamehe, maneno yale bado.

Mwezi wa tano ukaingia. Papa Kabeya alifunga tai, akazungukia nyumba zote kama kila mwaka, na kila mlango ulimjibu kwa adabu: eh papa, tutakuya. Mama Kapinga alichinja kuku. Tantine, na hili lazima niliseme kwa heshima yake, alijaza mitungi yote. Jioni ile upepo ulikuwa mzuri, mlegevu, kama unavyotakiwa. Tulisimama mbele ya majani, Papa Kabeya, Mama Kapinga, Mukendi na mimi, matawi mabichi mikononi, tukisubiri. Hakuja mtu. Tantine alitoka mlangoni na tawi lake, akatazama barabara, akatazama ng'ambo, akarudi ndani nalo. Ng'ambo ya maji Papa Sylvestre alikuwa amesimama, mikono kifuani, na Papa Kabeya akamwita.

"Sylvestre! Kuya uwashe, jua inaanguka!"

 Papa Sylvestre hakutukana wala hakucheka. Alitutazama, kisha akageuka akaingia kwake.

"Papa, tuwashe shiye benyewe," Mukendi alisema.

"Bantu bane habawezi kushika hii moto. Itatutoroka, itachoma manyumba ya bantu. Na kesho batasema nini? Batasema Bakasai banachoma Katanga."

Alikitia kiberiti kwenye mfuko wa shati, nyuma ya tai, akakipigapiga kama mtu anayemtuliza mtoto. Tukaenda kula. Kuku walikuwa wengi mno kwa watu wanne, walijaa meza nzima, na mchuzi uligandia kwenye sufuria. Nilijua kilichopaswa kusemwa usiku ule, nao walijua, ingawa hawakujua kwamba najua. Mama Kapinga alinitazama, akautazama mlango wa Tantine uliofungwa, akaniwekea paja la kuku. "Kula, mutoto wangu," alisema, na hakusema kingine. Nilikula. Mukendi alikuwa akitazama mikono yake. Ile ndiyo jioni niliyoyapoteza maisha yangu ya kwanza, na niliyapoteza nikiwa nimeketi mezani, mkono kwenye sahani, macho yangu yakiona kila kitu.

Waliondoka baada ya madirisha yao kuvunjwa kwa mawe. Hawakuondoka moja kwa moja, kwanza walikwenda stesheni, ambako familia za Kasai zililala sakafuni na nje chini ya vitenge vilivyofungwa kama mahema, zikisubiri treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Nilipeleka chakula kila siku. Nilisonga bukari kwa unga wa muhogo, kama yao. Tantine alinitazama nikichanganya, na hakusema kitu kuhusu mpira. Alichukua kitambaa chake cha kwenda kanisani akanifungia sahani. Huko stesheni Papa Kabeya alikuwa bado na tai, na Mama Kapinga aliketi juu ya mabunda yake na kunikaribisha kana kwamba ni kiti cha wageni. Nilimwambia nitapanda treni pamoja nao. Alinishika uso kwa mikono miwili.

"Siwezi kubeba mutoto wa bantu hivi, sawa nimemwiba. Hatukuongea na ba tantine yako. Hatukukaa chini, hatukuleta kitu."

"Ongeeni naye sasa, mama. Nitakimbia kumuita, atakuya."

"Hapa? Chini, mu hii uchafu?" Alitikisa kichwa. "Bameshatukamata vyote, Numbi. Lakini bibi ya mutoto wangu, yeye tutamuomba pa meza, bantu bakishiba. Hapana hapa ku stesheni."

Nilimbembeleza, nikalia, nikamkasirikia. Hakulegea. Ilikuwa heshima ya mwisho aliyobaki nayo, na alinihesabu humo. Miaka mingi nilimlaumu kwa hilo. Sasa nina mabinti, na ningesema kama yeye.

Treni ilipokuja watu walipanda hadi juu ya mabehewa. Mukendi alinishika vidole kupitia dirishani. Hatukubusiana, kwa sababu baba yake alikuwa akitazama, na hata siku dunia inapovunjika baba ni baba.

"Numbi, uniangalilie muti yangu," alisema. "Nikijua muti iko, nitajua niko na kwetu."

"Nitakuangalilia."

Mama Kapinga hakufika. Hilo nililijua baadaye sana, simu zilipopatikana: homa ilimshika njiani, wakamzika kando ya reli mahali ambapo Mukendi hakuwahi kujua jina lake.

Majani ya parke yalibaki yamesimama, yakikauka. Parke nzima sikuiweza, lakini mti mmoja niliuweza. Nilichukua jembe la Tantine, nikapanda kilimani mchana kweupe, nikaanza kupalilia duara pana kuuzunguka mupundu, hadi udongo mtupu. Watu walipita wakatazama. Papa Sylvestre alikuja hadi ukingoni kwake.

"Unalima nini pale, we mutoto?"

"Ninalima muti, papa."

Aliingia kwake. Kisha akavuka mto kwa kukanyaga mawe, jembe begani, akaanza kulima kutoka upande mwingine wa mti. Hakunitazama. Tulilima tukifuata duara mpaka majembe yetu yakakutana, akapangusa jasho, akavuka kurudi. Siku chache baadaye alihamia na watoto wake kwenye nyumba ya Papa Kabeya, akafuta maandishi mlangoni, akaweka pazia. Nimejaribu maisha yangu yote kuwatenganisha watu wale wawili, wa jembe na wa nyumba, ili nimshukuru mmoja na kumlaani mwingine. Nimeshindwa. Alikuwa mtu mmoja.

Mwezi wa kumi moto mkubwa ulikuja. Ulitoka upande wa barabara, ukiwa na sauti ya mvua nzito juu ya mabati, na tulikimbia na mitungi mitupu hadi ng'ambo. Mushitu wote uliwaka, miti ambayo wazee waliikuta, na ndege waliruka juu ya moshi wakizunguka bila kujua waende wapi. Kulipopoa nilirudi. Kilima kilikuwa cheusi, ukingo mweusi, hata mawe ya mtoni yalikuwa meusi, na katikati ya duara la udongo mwekundu mupundu ulikuwa umesimama na majani yake. Baada ya hapo walikuja wachoma makaa kumalizia iliyobaki. Siwalaumu, watu walikuwa na njaa na masufuria yalihitaji moto. Kila aliyeukaribia mti ule na shoka alinikuta nimekaa pale, si juu ya mzizi, kando yake. Walinicheka, wakaniita bibi ya muti, mke wa mti. Niliitika.

Miaka ikaenda. Niliolewa, naye akaoa. Watu wema wakaja na uzio wao na miche yao. Simu zikapatikana, na swali lake likaanza. Nilimwomba aje auone mwenyewe. Maneno yale yalikwisha kupoa zamani, na wengi walikuwa wamerudi. Alisema atakuja mwaka ujao. Kila mwaka alisema mwaka ujao, hadi tukaacha kulizungumzia.

Berna alifika mwezi wa tano. Ni mwanamke mrefu mwenye paji la uso la Mama Kapinga. Kwenye mkoba alikuwa na kopo dogo la vaselini, na ndani ya kopo nywele na kucha za baba yake. Ni desturi yetu ya siku nyingi: mtu akifia mbali, hukatwa kucha na nywele zikapelekwa kuzikwa kwao. Wajomba zake walishangaa kwenye kilio, wakamwuliza anazipeleka wapi, wakati marehemu amefia Kasai, kwao. "Nikabaambia papa alisema kwabo iko pa muti," Berna aliniambia. "Bakafikiri nimepata wazimu."

Tulikwenda parke asubuhi iliyofuata. Mlinzi, mama wa makamo aliyevaa bulauzi ya kijani, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, ba mama. Lakini pale hatuchimbake. Ile muti iko ya kulindwa, njo muzee ya parke muzima. Hata mi mwenyewe siwezi kuigusa."

Nilicheka. Mti wa Mukendi ulikuwa umelindwa hata dhidi ya Mukendi mwenyewe. Nilikuwa nimefungua mdomo nimweleze huyo mama nani aliulinda kabla yake, nilipoona nyuma yake, kando ya uzio, rundo la matawi mabichi na watu wamekaa na majembe. Ilikuwa siku ya moto mdogo. Walezi wa leo wameurudisha, wanaalika watu wa mtaani, na hata kuku wapo.

"Na pale pa mupundu," nilimuuliza, "nani anapalilia?"

"Hatujafika ku ile upande bado."

"Basi utupe majembe."

Tulipalilia duara, Berna na nguo yake ya kilio, mimi na magoti yangu. Tulipoufikia mzizi ulioinuka nilimwonyesha pale kwa kidole. Udongo ulikuwa umelegea kwa jembe. Alifungua kopo, akamimina, akasema, "Papa, umefika," nami nikafunika kwa jembe kama mtu anayeendelea na kazi. Mlinzi alikuwa amesimama karibu. Aliona. Aligeuka upande wa mto akaanza kumgombeza kwa sauti kubwa mtu fulani ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Jua likielekea kushuka waliwasha. Tulishika matawi yetu. Moto ulitambaa hadi kwenye duara letu, ukanusa udongo mtupu, ukapita kando. Kisha watu walikaa na masizi yao wakala, na mtu akanipa kikombe cha munkoyo, nikakishika tu, sikuweza kukinywa kwa harufu yake. Berna alisubiri hadi sahani zikawa mifupa mitupu. Kisha akapiga magoti mbele yangu, mikono pamoja, kama wanavyopiga wanapokuja na posa.

"Mama Numbi, papa alinituma neno. Alisema: muti ikiwa iko, na bantu bakishiba, umuulize."

"Aniulize nini?"

"Kama ile siku bangekuomba, ungekubalia."

Nilitazama huku na huku kumtafuta Tantine Vero, maana jibu la posa hutolewa na wakubwa, si na msichana mwenyewe. Hayupo. Papa Kabeya hayupo, Mama Kapinga yuko kando ya reli. Hakukuwa na mkubwa mwingine pale ila mimi.

"Ningekubalia," nilimwambia. "Ata kabla ya kuku kuiva."

Nikalia palepale, mbele za watu wote, na hapakuwa na kitunguu.